Majani ya Vidole: Tuyajue Kabla Hayajatushinda

Juma lililopita tulizungumza juu ya maji ya kunywa wakati wa mvua. Juma hili tunarudi shambani na kwenye parseli zetu, kuzungumza juu ya majani ambayo kila mmoja wetu ameyang'oa mara elfu, lakini wachache kati yetu tunayajua vizuri. Tunaanza na kosa letu wenyewe, maana tukilificha halitamfundisha mtu.

Wakati mmoja umoja wetu ulipata kipande cha shamba ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga. Tulikusanya faranga za likelemba, tukanunua mbegu za mpunga, tukasafisha shamba na kupanda mvua za Septemba zilipokolea. Tulimwaga mbegu kwa mkono, bila mistari, kwa sababu tulikuwa na haraka ya kuvuka mtumbwi kabla ya jioni. Mavuno yale yalikuwa na kazi yake tayari: nusu ya kula nyumbani, nusu ya kuuza na kulipa masomo ya watoto.

Majuma matatu baadaye, siku ya posho, tulirudi kupalilia. Tulikuwa mama kumi na wanne pamoja na mabinti wachache. Tuliwapa mabinti upande wa chini, karibu na njia, tukawaambia neno moja tu: "Ng'oeni majani mabaya, acheni mpunga." Wakainama, wakafanya kazi vizuri, wala hawakucheza. Jioni koko mmoja wa umoja wetu alipita karibu na lundo la majani yaliyong'olewa. Akachomoa shina moja, akaligeuza mkononi, akachomoa la pili, la tatu. Kisha akatuita: "Mama zangu, hebu njooni muone. Huu ni mpunga."

Sehemu kubwa ya lundo lile ilikuwa mpunga. Tulipoenda kuangalia upande walioupalilia, tulikuta majani mazuri ya kijani yamesimama kwa utulivu kama mpunga. Siyo mpunga. Mabinti walikuwa wameng'oa chakula na kuacha magugu.

Tuwaambie ukweli: tulikasirika. Binti mmoja aligombezwa mpaka akalia. Ndipo koko akauliza swali lililotunyamazisha: "Ni nani kati yenu aliyemwonyesha tofauti?" Hakuna. Kisha akachukua mashina mawili, akayaficha nyuma ya mgongo, akayatoa na kutuomba sisi wenyewe tuchague. Mama watatu kati yetu walichagua vibaya. Watu wazima, wenye mashamba yao!

Mwaka ule tulitarajia mifuko kumi, tukapata sita. Kwa hiyo makala ya leo ni deni tunalomlipa binti yule. Jani tusilolijua hatuwezi kulishinda, na hatuwezi kumgombeza mtoto kwa jambo ambalo hatukumfundisha.

Majani haya ni yapi?

Tunayaita majani ya vidole kwa sababu yakikomaa hutoa juu ya shina vijiti vyembamba vilivyotawanyika kama vidole vya mkono uliofunguka. Kila nyumba ina jina lake kwa lugha ya kwao. Kwa Kifaransa huitwa digitaire, na wataalamu huyaita Digitaria, jina linalotoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kidole. Kumbe hata wao waliona kile ambacho koko zetu waliona.

Majani haya yako karibu kila mahali penye joto duniani. Hapa kwetu yanapata kila kitu yanachopenda: joto mwaka mzima, mvua karibu kila mwezi, na udongo uliolimwa ukaachwa wazi kwenye jua. Ni majani ya msimu, maana yake kila mche huzaliwa kwa mbegu, hukua, hutoa mbegu na kufa. Neno hili tulishike vizuri, kwa sababu ndiyo siri ya kuyashinda. Nguvu zake ziko kwenye mbegu.

Mche mmoja uliokua vizuri unaweza kutoa maelfu ya mbegu. Ni ndogo mno, huanguka palepale, hubebwa na maji ya mvua, hushika kwenye jembe, kwenye viatu na kwenye miguu ya mbuzi. Nyingine hazioti mara moja, hubaki kwenye udongo miaka kadhaa zikingoja nafasi. Ndiyo maana unapalilia leo, na baada ya majuma mawili unaona kama hujafanya kitu.

Jinsi ya kuyatambua, toka utoto hadi uzee

*Yakiwa machanga.* Angalia chini kabisa. Jani la kwanza ni fupi na pana kuliko unavyotazamia, lina ncha, na rangi yake ni kijani cheupe-cheupe. Halisimami wima, linalala kuelekea udongo. Lishike kwa vidole: ni laini, na mara nyingi utahisi vinyweleo, hasa pale chini jani linapokumbatia shina. Huu ndio wakati wa kuyang'oa. Vidole viwili vinatosha, na mtoto wa miaka minane anaweza.

*Yakiwa na majuma machache.* Sasa mche unatoa matawi na kujitandaza kama mikeka. Shina linatambaa, na pale kwenye vifundo vyake linatoa mizizi mipya. Mara nyingi sehemu ya chini ya shina inageuka rangi ya zambarau au nyekundu-nyekundu. Ukivuta upande mmoja, upande wa pili unabaki umeshika udongo. Hapo usivute kwa hasira. Tafuta katikati ya mche, ingiza kisu au ncha ya jembe chini ya mzizi mkuu, kisha inua wote pamoja na matawi yake.

*Yakiwa yamezaa.* Vidole vinatokea juu, vyembamba kama uzi wa kushonea mikeka, vitatu, vitano, wakati mwingine kumi. Tazama vizuri mahali vinapoanzia. Vyote havitoki kwenye nukta moja: kimoja kinaanza chini kidogo, kingine juu kidogo. Ukiona vidole hivi vimeanza kugeuka rangi ya udongo, mbegu ziko tayari. Ukitikisa mche huo shambani, wewe mwenyewe ndiwe unayepanda.

Kutoka kuota mpaka kutoa mbegu haipiti miezi miwili, na wakati mwingine ni mapema zaidi. Kwa hiyo mama anayesema "tutapalilia tukimaliza msiba" au "tukirudi kutoka kijijini" anaweza kukuta kazi imekwisha kuwa ya mwaka mzima.

Ndugu zake wanaotudanganya

Siyo kila jani lenye vidole ni hili. Kuna mengine manne au matano yanayofanana nalo kwenye parseli zetu, na kila moja lina dawa yake. Ukikosea jina, unakosea dawa.

La kwanza ni lile gumu la njiani, linaloota pale watu wanapokanyaga, mbele ya mlango na kando ya barabara ambako toleka wanangojea wateja. Lina vidole pia, lakini ni vinene, na mbegu zake zimepangwa upande mmoja kwa mistari miwili kama meno ya zipu. Angalia chini ya shina: ni bapa na jeupe, kama limepigwa pasi. Mzizi wake ni mgumu sana, mwanaume mwenye nguvu anavuta na jani linakatika mkononi. Hili ni ndugu wa ulezi. Ling'oe baada ya mvua, udongo ukiwa laini.

La pili ni lile ambalo kwa Kifaransa huitwa chiendent. Majani yake ni mafupi na membamba, vidole vyake ni vitatu hadi sita, na vyote vinatoka kwenye nukta moja kama miiba ya mwavuli. Lakini jambo kubwa liko chini ya udongo: lina kamba nyeupe zenye ncha kali zinazosafiri mbali. Ukilikata kwa jembe vipande kumi, umepanda miche kumi. Hili halipaliliwi kwa haraka. Linachimbwa kwa utaratibu, kamba zinakusanywa kwenye kitunga na kuanikwa juani juu ya bati au jiwe mpaka zikauke kabisa.

La tatu ni lile linalotoa vidole viwili tu, vilivyofunguka juu ya shina kama herufi T. Linapenda kivuli na unyevu, liko chini ya migomba na kando ya njia zetu zote. Bustanini ni gugu, lakini uani ni rafiki. Tutarudi kwake.

La nne ni ndago. Wengine hulihesabu kati ya nyasi, lakini siyo nyasi. Zungusha shina lake kati ya vidole: lina pembe tatu. Chini lina vijinundu vyeusi kama njugu ndogo, na ukiacha kijinundu kimoja umeliacha lote.

La tano ni la wenye mpunga: jani linalofanana sana na mpunga mchanga, linapenda mahali pa maji, na watu wa mabonde wanalijua. Tofauti yake na mpunga iko ndani ya jani, kama tunavyoeleza sasa.

Kipimo cha mpunga

Hiki ndicho koko alituonyesha siku ile, na tangu siku ile hatumpeleki mtu yeyote kwenye shamba la mpunga bila kukifanya kwanza. Chukua shina moja. Shika jani, livute polepole kuelekea nje mpaka lifunguke pale linapoachana na shina. Angalia kwenye kona hiyo, mahali penye mwanga.

Kwenye mpunga utaona vitu viwili. Cha kwanza ni kiutando cheupe, kirefu, chenye ncha, kimesimama kwenye shina. Cha pili ni vijisikio viwili vidogo, kimoja kila upande, vyenye vinyweleo, vinavyokumbatia shina kama mtoto anavyokumbatia shingo ya mama.

Kwenye majani ya vidole utaona kiutando kifupi tu. Vijisikio hakuna. Badala yake kuna vinyweleo kwenye sehemu inayofunika shina.

Kwenye lile jani la tano la mahali pa maji, hakuna kiutando na hakuna vijisikio. Kona ni tupu kabisa.

Kwa hiyo mfundishe mtoto maneno haya machache: mpunga una utando na masikio, majani ya vidole yana utando bila masikio, lile la majini halina kitu. Atayashika kwa dakika tano, na atayashika maisha yake yote.

Kuna kipimo kingine kwa mpunga ulio mchanga sana, wenye majuma mawili hivi. Ng'oa mche mmoja wa majaribio polepole pamoja na mzizi. Kama ni mpunga, mara nyingi utakuta ganda la mbegu bado limeshika pale chini. Ganda la mpunga kila mtoto wa Kisangani analijua, maana tunayapepeta kila siku. Mbegu ya majani ya vidole ni ndogo kama chembe ya mchanga.

Kipimo bora zaidi ni kile tulichokikataa kwa haraka yetu: kupanda kwa mistari. Nyosha kamba, acha sentimeta 25 au 30 kati ya mstari na mstari. Chochote kinachoota katikati ya mistari si mpunga, hakuna mjadala. Kupanda kwa namna hii kunachukua saa nyingi zaidi siku ile moja, lakini kunaturudishia siku nzima kila tunapopalilia.

Makosa matatu tuliyoyafanya

La kwanza tumelisema: hatukufundisha. La pili lilikuwa lundo. Siku ile tulipomaliza tuliacha majani tuliyong'oa palepale kati ya mpunga, tukafikiri jua litayakausha. Usiku ikanyesha. Tuliporudi juma lililofuata, majani mengi yalikuwa yamesimama tena. Vile vifundo vya shina vilikuwa vimetoa mizizi mipya kwenye udongo uliolowa. Tulikuwa tumeyahamisha tu, hatukuyaua. Sasa tunafanya hivi: kukiwa na jua kali tangu asubuhi, tunayaacha mizizi ikiangalia juu. Mawingu yakionekana, tunayabeba nje ya shamba. Na yale yenye vidole vilivyokomaa hatuyaachi shambani kamwe, jua liwe kali namna gani.

La tatu ni kuchelewa. Mpunga wa nchi kavu ukiwa mchanga hauna nguvu ya kupigania mwanga na chakula. Palizi ya kwanza inafaa ifanyike majuma mawili hadi matatu baada ya kuota, ya pili karibu na juma la tano au la sita. Baada ya hapo mpunga umefunga, unatoa kivuli, na majani ya vidole ambayo hupenda jua huanza kudhoofika. Palizi iliyochelewa haimrudishii mpunga kile alichokwisha kunyimwa.

Tunajua sababu za kuchelewa. Kupalilia ni kazi ya mama, na mama huyohuyo ana maji ya kuteka, ana soko, ana mtoto mgonjwa, ana matanga. Lakini tufikiri pamoja: shamba likichelewa kupaliliwa majani yakiwa madogo, baadaye yatahitaji mikono mingi zaidi. Mikono hiyo itatoka wapi? Itatoka kalasini. Ni binti ndiye atakayeambiwa asiende masomo siku ya kazi tatu na siku ya kazi nne ili asaidie. Kwa hiyo kung'oa miche midogo kwa wakati ni kulinda daftari la mtoto. Ndiyo sababu umoja wetu sasa unazunguka kama likelemba: juma hili shamba la mama huyu, juma lijalo shamba la yule, siku ya posho tu, na kila shamba linafikiwa kabla majani hayajatoa vidole.

Bustani ya mboga

Kwenye bustani ya lengalenga, matembele au ngai-ngai kuna njia nzuri isiyo na gharama. Tengeneza kitalu chako, lainisha udongo, lakini usipande bado. Ngoja siku kumi hadi kumi na nne. Mbegu za magugu zilizo karibu na uso wa udongo zitaota. Kisha kwangua juu-juu tu kwa jembe, bila kuchimba, siku ya jua. Ndipo upande. Ukichimba tena kwa kina utaleta juu mbegu nyingine zilizolala chini, na utaanza upya.

Baada ya kupanda, funika nafasi kati ya mboga. Majani makavu ya mgomba, majani ya michikichi, maganda ya mpunga, vyote vinafaa. Majani ya vidole yanataka mwanga ili kuota vizuri, na wewe unamzimia taa. Angalia tu usifunike kwa nyasi zenye mbegu.

Uwanja mbele ya nyumba

Wengi wetu tumelelewa kukwangua uwanja mpaka udongo ubaki mtupu, na sababu ni ya kweli: tunaogopa nyoka. Lakini udongo mtupu ndio kitanda ambacho majani ya vidole yanakipenda kuliko vyote, na ndio mvua inaoubeba kuelekea mtaroni. Mama wanaokaa kwenye miteremko wanajua jinsi nyumba inavyobaki juu ya kilima kidogo, msingi wake wazi.

Hapa tunamrudia yule rafiki wa vidole viwili. Yeye, pamoja na nyasi ya majani mapana inayotambaa tunayoiona kwenye viwanja vya makanisa na masomo, hufunika udongo na kuushika. Mahali wamefunga vizuri, majani ya vidole hayapati nafasi. Kwa hiyo uani usikwangue kila kitu. Ng'oa majani ya vidole kwa mkono yakiwa machanga, wacha wale wanaotambaa wafunge, na ukate mafupi ili nyoka asipate pa kujificha, lakini usikate mpaka udongo uonekane.

Juu ya dawa za kuua majani

Mama kadhaa wametuuliza kama si rahisi kununua dawa. Tunajibu kwa uangalifu. Kuna dawa zinazoua majani, ndiyo. Lakini iitwayo glifosati haichagui: ikigusa mpunga wako, inaua mpunga wako. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa liliiweka kati ya vitu ambavyo huenda husababisha kansa kwa binadamu. Nyingine, parakwati, imekatazwa katika nchi za Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2007. Mtu akimeza hata kiasi kidogo cha dawa hiyo kabla haijachanganywa na maji, anaweza kufa, na hakuna dawa ya kuizuia mwilini.

Hatari yetu kubwa ni namna zinavyouzwa. Mmoja wetu alipimiwa dawa sokoni ndani ya chupa ya sukre, bila jina, bila maelezo. Aliiweka chini ya kitanda. Mtoto wake wa miaka minne aliikuta, na kilichomwokoa ni kwamba kifuniko kilikuwa kimebana. Mama yule alitetemeka siku mbili. Kwa hiyo, tafadhali: usinunue dawa isiyo na karatasi yake, usiihamishie kamwe kwenye chupa ya kinywaji, na usiiweke mahali mtoto anafika. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali mara moja, na ubebe chupa ile munganga aione.

Lakini hayana faida?

Yanayo. Mbuzi, sungura na dende wanayapenda, ni laini na yana nguvu ya chakula. Wakatie yakiwa bado hayajatoa vidole, kwa sababu mbegu nyingine hupita tumboni na kurudi shambani pamoja na mbolea.

Na tuwaambie jambo la kushangaza. Huko Afrika ya magharibi, Guinea, Mali, Burkina Faso na Nigeria, kuna dada wa majani haya ambaye hupandwa shambani kama mpunga wetu. Anaitwa fonio. Mbegu zake ni ndogo kama mchanga, akina mama wanazitwanga, wanazipepeta, wanazipika, na mgeni wa heshima ndiye anayeandaliwa. Yetu ya hapa siyo fonio, tusidanganyane tukaanza kuyavuna. Lakini inatufundisha kwamba gugu ni jani lililo mahali ambapo hatukulitaka.

Mahali pa kuuliza

Ukikuta jani usilolijua, usilidhani. Ling'oe na mizizi yake na vidole vyake, libane kati ya kurasa za gazeti chini ya kitu kizito, liache likauke. Hivyo ndivyo wataalamu wa Yangambi, karibu kilometa 100 kutoka hapa kufuata mto, wamehifadhi majani na miti ya nchi yetu tangu wakati wa INEAC, iliyoundwa mwaka 1933 na ambayo leo ni INERA. Hapa mjini kuna IFA na Chuo Kikuu cha Kisangani, ambako vijana wetu wenyewe wanasoma kazi hii. Kama una mtoto au jirani anayesoma huko, mpe jani lako. Atafurahi kuulizwa.

Kazi ya juma hili

Siku ya mkutano, kila mama alete mashina matatu: moja la mpunga, moja la majani ya vidole, na moja analolitilia shaka. Mama prezida amekubali tuanze na kipimo cha koko kabla ya hesabu za likelemba. Na tafadhali, mama, usije peke yako. Mlete binti, na mlete kijana pia, maana mpunga anaula na yeye.

Yule binti aliyelia siku ile ndiye atakayetuonyesha. Siku hizi hakosei hata mara moja. Msimu uliopita alipita mbele yetu shambani, akafungua jani, akatazama, akasema, "Hili lina masikio, liacheni." Tukaliacha.

Mbaki na amani, hadi juma lijalo.